Mtoto aliyepaliwa bila kukohoa: kisa cha chumba cha kipimo kilichobakiwa na mtu mmoja

Ripoti ilikuwa na mistari minne, na wa mwisho ulisema: "Hakuna kupaliwa kulikoonekana." Hakukuwa na uongo katika mstari huo. Siku kumi na tisa baadaye mtoto alirudishwa wodini na nimonia ya tatu, amewekewa oksijeni, na mama yake bado ameishika karatasi ile ile.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza huduma ile ya kupima umezaji wa watoto. Tena, kila tunapolalamika kwamba watumishi hawatoshi, tunazungumza kana kwamba hasara yake ni foleni tu. Hapa foleni haikuwa tatizo. Mtoto alipata nafasi mapema, kipimo kilifanyika siku iliyopangwa, ripoti ikatoka siku hiyo hiyo. Upungufu wa watu uliingia ndani ya picha zenyewe, mahali ambapo msomaji wa ripoti hawezi kuuona. Mambo machache ambayo yangemtambulisha mtoto nimeyabadilisha.

Mtoto mwenyewe

Alikuwa wa kike, miezi mitano, amezaliwa mimba ikiwa na wiki 33. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu ni kazi tatu zinazopishana katika njia moja, na mpangilio wake huanza kutulia karibu na wiki ya 34, kisha huendelea kukomaa. Mtoto njiti mara nyingi hupewa chupa akiwa bado anajifunza kupishanisha hizo tatu. Huyu alikunywa kwa karibu dakika hamsini kila mlo. Uzito wake ulikuwa unapanda kwa kusuasua, na alikuwa amekwisha kulazwa mara mbili kwa nimonia. Hakuwa anakohoa wakati wa kunywa, na jambo hilo liliwatuliza watu wengi kuliko lilivyostahili.

Kupaliwa kila mtu anakujua: maji yakienda kusiko kwake, mtu hukohoa mpaka machozi yamtoke. Kikohozi ndicho mlinzi. Lakini wapo watoto, hasa wachanga na wale wenye matatizo ya ubongo na mishipa ya fahamu, ambao maziwa hupita chini ya nyuzi za sauti na mwili usijibu lolote. Huko ndiko kupaliwa kimyakimya. Ukikaa kando ya kitanda ukamtazama mtoto wa namna hii, uwe na uzoefu wa mwaka mmoja au wa miaka ishirini, huwezi kusema kwa uhakika maziwa yanaishia wapi. Ndipo tunapotumia eksirei ya video: mtoto anakunywa maziwa yaliyochanganywa na bariamu, kitu kinachoonekana kwenye eksirei, na tunaona yanavyotoka mdomoni, yanavyopita koromeoni, na yanakoelekea, umioni au kwenye njia ya hewa. Safari hiyo ya koromeoni huchukua chini ya sekunde moja. Kwa hiyo anayetazama lazima ajue anatafuta nini, na mashine iwe imewekwa ili ikinase.

Siku ya kipimo

Huduma yetu ilikuwa imeundwa kwa watu watatu wa tiba ya usemi na kumeza. Mmoja alihama, nafasi yake ikabaki wazi kwa zaidi ya mwaka. Tukabaki wawili: mimi na mwenzangu kijana, aliyekuwa na miaka miwili kazini na miezi saba tu katika chumba kile. Nami nikapata upasuaji, nikalazimika kupumzika wiki sita.

Katika wiki ya tatu mtoto akaletwa. Mwenzangu aliingia chumbani peke yake, pamoja na mteknolojia wa mionzi ambaye zamu ilikuwa imemfikisha hapo asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza. Mtoto alikalishwa vizuri, akapewa chupa, akameza. Mashine ilirekodi sekunde 38. Kumeza zote zilionekana safi. Mwenzangu akashukuru, akazima, akaandika ripoti. Daktari wa watoto akaisoma kama daktari yeyote mwenye wagonjwa wengi angeisoma: umezaji ni salama, aendelee na maziwa yale yale, tutafute sababu nyingine ya nimonia. Mlango ukafungwa hivyo.

Niliporudi nilikaa na rekodi ile jioni nzima. Nilidhani nitakuta kosa la usomaji, mahali ambapo maziwa yalipita na jicho changa likakosa. Sikulikuta. Picha zilikuwa safi kweli. Nikaanza kujiuliza zilikuwa picha za nini.

Kilichokosekana, kimoja baada ya kingine

Mashine ilikuwa imewekwa kwenye mpango wa watoto wa kupima tumbo, wenye picha 7.5 kwa sekunde. Mteknolojia alikuwa ameuchagua kwa nia njema kabisa, kwa kuwa mpango huo hupunguza mionzi na tumbo haliendi mbio. Kwa kumeza ni hatari. Kati ya picha moja na nyingine hupita karibu sekunde 0.13, na maziwa yanaweza kuingia kwenye zoloto, mlango wa njia ya hewa wenye nyuzi za sauti, na kutoka katika mwanya huo. Kwa picha 30 kwa sekunde mwanya unashuka mpaka sekunde 0.03. Hakuna aliyemwambia, na mwenzangu hakujua kwamba ni jambo la kuuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza na watu wa mionzi kabla ya kila kipimo. Nilikuwa nafanya hivyo ukumbini, tukitembea, na yeye akiwa ndani anamwandaa mtoto. Sikuwahi kuliandika popote.

Mchanganyiko nao ulikuwa mzito kuliko maziwa ya mtoto. Bariamu hubadilisha uzito wa kimiminika, na ukikadiria kwa macho unaweza kumpima mtoto kwa kitu kinachotiririka polepole kuliko anachokunywa kila siku. Kuna namna rahisi ya kuhakikisha, ile ya IDDSI, mpango wa kimataifa unaopanga vinywaji kwa ngazi za uzito: unajaza bomba la sindano la mililita 10, unaliachia litiririke kwa sekunde 10, unasoma kilichobaki. Maziwa ya mtoto hayakubakisha kitu, hiyo ni ngazi 0. Nilipochanganya bariamu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ripoti, mililita 3 zilibaki, hiyo ni ngazi 1. Kimiminika cha polepole humpa mtoto nafasi ya kujipanga. Tulimpima kwa kitu rahisi kuliko maisha yake.

Chuchu ya chupa ilikuwa ya hospitali, yenye tundu dogo. Ya nyumbani ilikuwa ya mtiririko wa haraka. Mama alikuwa amekuja nayo kwenye mkoba, na hakuna aliyemwambia aitoe.

Lakini la nne ndilo linaloniuma zaidi. Barua ya miadi, iliyoandikwa kwa ajili ya vipimo vya tumbo, ilimtaka mtoto asile kwa muda wa saa nne. Akafika na njaa, macho yamemtoka, na sekunde 38 za kwanza za chupa zilikuwa sekunde zake bora za siku nzima. Mtoto anayechoka haonyeshi shida yake mwanzoni. Huanza kwa mpangilio mzuri, kisha pumzi inaharakika, zamu zinavurugika, na maziwa yanapata upenyo. Mwanzo wa chupa hauwezi kukupa habari za mwisho wake.

Nikamuuliza mama: huwa anabadilika saa ngapi akiwa ananyonya? Hakufikiri hata kidogo.

"Baada ya dakika kama tano, daktari. Anaanza kuhema, kifua kinaunguruma, halafu anatulia. Nilisema. Nikaambiwa kipimo kimetoka safi."

Alikuwa amesema wodini, kwa muuguzi, kabla ya kipimo. Katika utaratibu wetu wa zamani, mtu wa tatu ndiye aliyekaa na mzazi nusu saa kabla ya kuingia chumbani: anakunywaje, kwa chupa gani, anachoka lini, analala vipi baada ya kula. Alipohama, kazi zake kubwa tuligawana. Hii ndogo ilianguka katikati, hakuna aliyeiokota, nami sikuiona ilipoanguka.

Kipimo cha pili

Tulirudia siku nane baadaye, mtoto alipokuwa ametoka kwenye oksijeni na anapumua vizuri. Hakufungishwa zaidi ya kawaida ya mlo wake. Chupa yake, chuchu yake, mchanganyiko uliopimwa mpaka ukalingana na maziwa, mashine kwenye picha 30. Tukarekodi kumeza chache za mwanzo, safi kama mara ya kwanza. Tukazima mionzi. Mtoto akaendelea kunywa maziwa ya kawaida pale pale kwenye kiti, mama akimshikia chupa, sisi tukihesabu pumzi. Dakika ya tano kifua kikaanza kuunguruma kama alivyosema. Tukabadilisha chupa, tukawasha.

Kumeza kwa tatu maziwa yalipita chini ya nyuzi za sauti. Hakukohoa, wala hakukunja uso. Likatokea tena kumeza mbili baadaye. Kwenye kipimio cha kupaliwa cha Rosenbek na wenzake cha mwaka 1996, chenye alama 1 hadi 8, hiyo ni 8: kimeingia, kimepita, na mwili haujajaribu kukitoa.

Tukiwa bado chumbani tulijaribu chuchu ya polepole, mtoto amelazwa kwa ubavu, chupa ikiinamishwa kila baada ya kumeza chache ili apate kupumua. Njia ya hewa ikabaki safi. Muda wote wa mionzi haukufika dakika mbili. Baadaye daktari wa masikio, pua na koo alikagua zoloto, kwa sababu ufa mdogo kati yake na umio unaweza kuleta picha kama hii, asikute kitu. Hatukumwongezea maziwa poda ya kuyafanya mazito. Alizaliwa njiti, na tangu Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipotoa onyo mwaka 2011 kuhusu jeli moja yenye kazi hiyo hiyo na ugonjwa wa kuoza utumbo kwa njiti, mimi huviweka vitu vya aina hiyo mwisho kabisa wa orodha. Alipewa mdomoni kwa dakika zile ambazo alikuwa na nguvu, zilizobaki zikapita kwenye mpira wa puani.

Kuhusu mionzi kuna fikra inayopotosha, na mwenzangu alikuwa nayo kwa moyo safi. Watoto huathirika na mionzi kuliko watu wazima, na tumefundishwa, kwa haki, kutumia kidogo iwezekanavyo. Yeye aliona sekunde 38 kuwa ni sifa. Lakini kipimo kifupi kisichojibu swali kimempa mtoto mionzi bure, kisha kikamletea kipimo cha pili. Kidogo iwezekanavyo maana yake ni kidogo kinachotosha kujibu.

Jinsi nilivyomfundisha

Ingekuwa rahisi kuandika hapa kwamba kijana alikosa uzoefu. Ndicho walichotaka kuandika waliokuja kuchunguza, na nilikataa kutia saini mpaka sentensi ile ilipotolewa.

Alikuwa ametazama vipimo kumi na vinne nikivifanya mimi. Alikuwa amefanya vitatu mwenyewe, nami nikiwa nyuma yake. Kwa karatasi alikuwa amefikia kiwango tulichojiwekea. Nilipopitia vile vitatu nikaona jambo lililoniaibisha: vyote vilikuwa vya watoto wakubwa kidogo, watulivu, wenye maswali mepesi. Vigumu nilivichukua mimi, kwa kuwa siku zilikuwa zimejaa na mimi ni mwepesi zaidi. Kwa hiyo mwenzangu hakuwahi hata mara moja kuwa yeye anayesema "washa" na "zima" kwa mchanga anayechoka. Alikuwa ameona kupaliwa kimyakimya kwenye skrini, nikiwa nimekwisha kumwonyesha kwa kidole. Kuonyeshwa si kutafuta. Nilihesabu vipimo, sikuhesabu maamuzi.

Hili si la chumba chetu peke yake. Umezaji wa watu wazima hupata wagonjwa wengi, wa kiharusi hasa, na mwanagenzi anaweza kuona mifano mingi kwa mwezi. Vipimo vya wachanga ni vichache, na kila kimoja kina swali lake. Shahada ya tiba ya usemi inagusa umezaji wa watoto kwa juu juu. Mengi hujifunzwa kazini, na kazini anayepaswa kufundisha ndiye huyo huyo anayesubiriwa na wagonjwa. Zana za kusoma picha kwa utaratibu zipo. Mfumo wa mtafiti wa umezaji Bonnie Martin-Harris kwa watu wazima humtaka msomaji afikie asilimia 80 ya usahihi kabla ya kutambuliwa, na wachanga wa chupa nao wametengenezewa wa kwao. Ila mfumo unakufundisha kusoma picha iliyopatikana. Kuipata picha yenyewe, kujua lini uwashe na lini ungoje, ni ujuzi wa mikono na wa masikio, na huo haupatikani bila mtu wa kukaa nawe.

Tulifikiria pia kamera nyembamba inayopitishwa puani, njia aliyoieleza mtaalamu wa umezaji Susan Langmore na wenzake mwaka 1988. Haina mionzi, na inaweza kumpima hata mtoto aliye titini mwa mama. Inahitaji mtu mwingine tena aliyefundishwa, na mtu huyo hatukuwa naye. Tukaiacha.

Tulichobadilisha, na gharama yake

Mambo madogo yalikuwa mepesi. Kadi ilibandikwa kwenye mashine yenye mpango sahihi wa picha. Barua ya miadi iliandikwa upya: njoo na chupa yako, chuchu yako, na mtoto mwenye njaa yake ya kawaida. Bomba la sindano likawekwa kando ya bariamu. Mkuu wa mionzi alikubali kutuachia wateknolojia wawili wasiozungushwa kila mwezi, na sijui kama anafahamu ni watoto wangapi amewasaidia kwa uamuzi huo mmoja.

Ripoti zetu hazisemi tena "hakuna kupaliwa kulikoonekana" na kuishia hapo. Zinasema mtoto alimeza mara ngapi mbele ya mionzi, kwa chuchu ipi, dakika ya ngapi ya mlo, na kitu gani hakikupimwa. Ni ndefu kidogo. Madaktari wawili walilalamika, mmoja akaja kuniuliza maana ya mstari wa mwisho, na mazungumzo yale yalifaa kuliko ripoti yenyewe.

Kila Alhamisi tunakaa dakika arobaini na tano na rekodi za zamani, kwa ridhaa ya wazazi, majina yakiwa yameondolewa. Kila mmoja anaandika alama zake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Nililazimika kuweka kanuni kwamba mimi nazungumza mwisho. Wiki za mwanzo nilikuwa naanza, na kwa namna ya ajabu wote walikubaliana nami. Siku niliyonyamaza, alama za kumeza kumoja zilitofautiana kuanzia 2 hadi 7. Hapo ndipo mafunzo yalipoanza.

Lililo zito ni moja: hatufanyi tena kipimo cha mchanga kikiwa na msomaji mmoja tu. Tulipanga na wenzetu wa hospitali nyingine wasome zetu nasi tusome zao, kwa njia salama ya mtandao, na ripoti haitoki mpaka macho ya watu wawili yapite. Alhamisi na kanuni hii vilipunguza nafasi za wiki. Foleni ikarefuka, na uongozi ukaniita. Nilisema, na bado nasema, kwamba mtoto anayesubiri huku analishwa kwa tahadhari ana ulinzi kuliko mtoto aliyekwisha kuambiwa yuko salama. Lakini sitaki kulifanya jepesi. Wapo waliosubiri huku wakilishwa kwa mpira wiki kadhaa ambazo labda hawakuzihitaji, na mtoto asiyetumia mdomo wake hupoteza hamu na ustadi. Nimewaona mama zao. Kanuni naiona ni sahihi na inaumiza, na mtu wa tatu angeipunguzia maumivu hayo. Nafasi ile ilitangazwa mara mbili, ikapata mwombaji mmoja asiyewahi kumshika mchanga.

Mazungumzo mawili

Kwa mama nilikwenda mwenyewe, na mwenzangu akasema atakuja pia. Nilimweleza kila nilichoandika hapa, kwa mpangilio huu huu. Nilimwambia: "Mama, wewe uliliona kabla yetu. Ulisema, na utaratibu wetu haukuwa na mtu wa kukusikia. Nakuomba radhi." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama ile nimonia ya tatu ingeweza kuzuilika. Nikamjibu kwamba huenda ingezuilika. Sikuwa na jibu jingine la haki.

Mwenzangu alikuwa ameandika barua ya kuomba kurudi wodi ya watu wazima. Aliniletea mkononi. "Dada, mimi chumba kile sikiwezi." Nilimwonyesha orodha ya vile vipimo vitatu nilivyompa, na ile ya vile nilivyojichukulia mwenyewe. Tukazipitia pamoja mpaka giza likaingia. Barua hakuiacha kwangu, wala sikumwuliza aliipeleka wapi.

Mtoto alirudi akiwa na miezi kumi. Mpira ulikuwa umeshatolewa kwa majaribio wiki mbili, kifua kikavu, mashavu yamejaa. Mwenzangu ndiye aliyeongoza, mimi nikakaa nyuma ya kioo, mteknolojia akiwa mmoja wa wale wawili wetu. Alichukua chupa mkononi mwa mama, akaigeuza kuangalia chuchu, akauliza:

"Mama, siku hizi anaanza kuchoka dakika ya ngapi?"

"Ya tisa, kumi hivi."

Walirekodi mwanzo, wakazima. Mteknolojia akatoa mkono kwenye swichi, mwenzangu akavuta kiti akakaa karibu na mama, wakasubiri dakika ya kumi.